Picha uliyoskani imekaa upogo? Ipime kwanza, halafu izungushe mara moja tu

Ukiskani karatasi au picha ya zamani halafu ukaifungua kwenye kompyuta, mara nyingi sana unakuta imekaa upogo, yaani mistari inashuka kidogo upande wa kulia au inapanda, na watu wengi hapo hapo wanaanza kuizungusha kwa macho, wanavuta kona kidogo, wanaangalia, wanarudisha, wanavuta tena, mpaka ionekane afadhali. Kwa mbali inapendeza. Ila zumu sasa uone, herufi zina ukungu, mistari myembamba ya jedwali imefifia, na bado haijanyooka kabisa. Programu haina kosa hapo, shida ni kwamba picha imezungushwa mara nne tano bila mtu kujua inatakiwa izunguke kiasi gani, na kila mzunguko una gharama yake.

Tuanze na hiyo gharama manake ndo kiini cha mambo yote. Picha ya kwenye kompyuta ni gridi ya vimraba, kila kimraba kina rangi moja, hivyo vimraba ndo pikseli. Ukiizungusha robo, yaani digrii 90, kila pikseli inahamia kwenye kimraba kingine kamili, hakuna kinachopotea. Lakini ukiizungusha digrii 1 au 2.3, pikseli za zamani haziangukii tena sawasawa kwenye vimraba vipya, moja inaangukia katikati ya viwili, nyingine katikati ya vinne, kwa hiyo programu inalazimika kukisia kila kimraba kipya kiwe na rangi gani kwa kuchanganya za jirani. Maana yake picha nzima inachorwa upya. Ukisha-oke halafu ukazungusha tena, inachorwa upya kutoka kwenye ile iliyokwisha kukisiwa, na kadhalika. Ndo maana kuzungusha digrii 3 halafu ukarudisha 1 sio sawa kabisa na kuzungusha 2 moja kwa moja kutoka kwenye picha ya asili, hata kama kwa hesabu za shule jibu ni lilelile.

Kuna namna kadhaa za kukisia. Ya kizembe kabisa inachukua pikseli iliyo karibu zaidi na kuibandika, hamna kuchanganya, na hiyo inaacha ngazi ngazi: mstari uliozungushwa digrii 1 utaona unaruka pikseli moja kila baada ya pikseli 57 hivi, ukizungusha nusu digrii unaruka kila baada ya 115. Kwenye jedwali lenye mistari mirefu hizo ngazi zinaonekana hata bila kuzumu. Ya pili inachanganya jirani wanne, laini zaidi lakini ina ukungu. Ya tatu, inayoitwa cubic, inaangalia jirani 16 na ndo inayofaa kwa kazi nyingi za skani. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, inakuwekea hilo chaguo hapohapo kwenye zana ya kuzungusha, na zaidi ya hapo ina NoHalo na LoHalo ambazo zimetengenezwa kupunguza ule mwangaza wa ajabu unaojitokeza pembezoni mwa herufi nyeusi. Chochote utakachochagua, usiache kwenye None, hiyo ndo ile ya ngazi ngazi.

Sasa kabla hujagusa kitufe chochote, jiulize imepinda kwa namna gani, sababu sio kila kilichopinda dawa yake ni kuzungusha, na hapa ndipo watu wanapoteza muda mwingi sana. Namna ya kujua ni rahisi, tafuta mstari mmoja wa mlalo na mmoja wa wima kwenye hiyo picha, ikiwezekana miwili ya kila aina, halafu linganisha. Kama wa mlalo umeinama digrii moja na wa wima nao umeegemea digrii moja, yote kwa mwelekeo uleule wa mzunguko, basi picha imezunguka tu na dawa ni kuizungusha irudi. Skana ya kioo karibu kila mara inatoa hii, karatasi ililala vibaya kwenye kioo basi.

Kama ya mlalo imenyooka vizuri ila ya wima imeegemea upande, hiyo ni habari nyingine, imeegemezwa. Inatokea kwenye zile skana zinazovuta karatasi zenyewe, pale karatasi inaposogea pembeni wakati inapita mbele ya jicho la skana. Ukiizungusha hiyo utanyoosha ya wima na kupindisha ya mlalo, utakaa hapo mpaka usiku. Inataka zana ya kuegemeza, kwenye GIMP inaitwa Shear na kwenye Photoshop ni Skew, iko kwenye menyu ya Edit chini ya Transform. Na kama ukipima mstari wa juu ya ukurasa unapata digrii moja halafu wa chini unapata mbili na nusu, ujue karatasi ilikuwa inageuka huku inavutwa, na hapo ushauri wangu ni skani tena, hakuna pembe moja itakayotibu ukurasa wenye pembe nyingi.

Kama mistari miwili ya wima inakaribiana kadiri inavyopanda, yaani ukurasa una umbo la pembenne lililobanwa upande mmoja, hiyo haijatoka kwenye skana ya kioo, hiyo imepigwa na simu kwa kuinamisha. Dawa yake ni zana ya kurekebisha mtazamo, ile ya pointi nne, unaweka pointi kwenye kila kona ya karatasi na programu inavuta kona zote nne mpaka ziwe za digrii 90. Photoshop ina Perspective Crop, GIMP ina Perspective, unaifungua kwa Shift na P. Na kama mstari wenyewe ni upinde, kama inavyokuwa karibu na mshono wa kitabu kinene kilichokataa kulala, hakuna kuzungusha wala pointi nne zitakazosaidia, unahitaji programu inayojua kukunjua ukurasa, ScanTailor Advanced ina sehemu hiyo na inafanya vizuri kwa maandishi.

Haya, tuseme umejiridhisha kwamba ni mzunguko tu. Pima.

Watu wanaogopa neno hesabu lakini hii ni ndogo mno. Chukua ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa dpi 300, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, upana wake ni pikseli 2,480 na urefu 3,508. Tafuta mstari mrefu wa maandishi, weka kishale chini ya herufi ya kwanza kushoto kabisa, soma namba za mahali chini ya dirisha, tuseme iko safu ya 1,204. Nenda herufi ya mwisho kulia, pikseli 2,000 mbele, iko safu ya 1,239. Mstari umeshuka pikseli 35. Gawanya 35 kwa 2,000, zidisha kwa 57.3, unapata digrii 1 na chenji isiyo na maana. Mstari umeshuka kulia, kwa hiyo unazungusha kinyume cha saa, digrii 1. Hiyo ya 57.3 inafanya kazi vizuri kabisa kwa pembe ndogo, na skani zetu karibu zote ni pembe ndogo.

Angalia nimechukua mstari mrefu, sijachukua neno moja, na hili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mkono ukikosea pikseli moja tu kwenye mstari wa pikseli 200, pembe yako imekosea digrii 0.29. Kosa hilohilo la pikseli moja kwenye mstari wa pikseli 2,000 ni digrii 0.029, hamna jicho litakaloliona. Kwa hiyo pima toka ukingo mpaka ukingo. Na unapochagua herufi za kuwekea pointi, zote ziwe zinazokaa juu ya mstari, a, e, m, n, u, usiweke pointi moja chini ya g au p yenye mkia halafu nyingine chini ya m, hapo unapima mkia sio mstari. Mimi napendelea mstari wa chini wa jedwali au fremu ikiwepo, ni mweusi, ni mrefu, na una mwanzo na mwisho unaoonekana wazi.

Programu zinakufanyia hiyo hesabu pia. Kwenye Photoshop kuna rula, imejificha kwenye kundi moja na ile zana ya kuchukua rangi, unavuta mstari juu ya kitu unachotaka kiwe sawa halafu juu kwenye mstari wa vitufe unabonyeza Straighten Layer, au unaenda kwenye menyu ya Image, Image Rotation, Arbitrary, na utakuta pembe imeshajazwa yenyewe. GIMP nayo ina zana ya kupimia, Shift na M, toka toleo la 2.10 ina kitufe cha Straighten kinachozungusha kwa pembe uliyoipima. Halafu kuna kitu kwenye GIMP ambacho nakipenda sana na watu wengi hawakijui: zana ya kuzungusha, Shift na R, ina chaguo la mwelekeo linaloitwa Corrective. Ukiliwasha pamoja na gridi, unakuwa unazungusha ile gridi na picha imetulia, unailaza gridi mpaka ikae sawa na mistari ya maandishi yaliyopinda, ukikubali tu programu inaizungusha picha upande wa kinyume. Jicho linalinganisha mistari mingi kwa pamoja, na picha inachorwa upya mara moja tu mwishoni. Kwa picha isiyo na mstari mmoja mrefu wa kupima, hii ndo njia.

Sasa kuna kundi la skani ambalo linaharibika vibaya sana hata ukifanya yote hayo sawa, nalo ni zile za nyeusi na nyeupe tupu, za biti moja, zile ambazo watu wanachagua kwenye skana ili faili liwe dogo. Pikseli kule ni nyeusi au nyeupe, hamna kijivu, kwa hiyo programu haina rangi ya katikati ya kuchanganyia, inabaki na ile ya kubandika ya karibu na ngazi ngazi zinarudi palepale, herufi ndogo zinakuwa kama zimetafunwa. Njia sahihi ni kuibadilisha kwanza iwe ya kijivu, uzungushe ikiwa ya kijivu, halafu ndo uirudishe kwenye nyeusi na nyeupe ukiwa umemaliza. Picha zenye paleti ya rangi chache, kama GIF, ni hivyohivyo, zipeleke RGB, yaani rangi kamili, kwanza. Na kama bado una karatasi mkononi, iskani kwa dpi 600 ya kijivu, nyoosha, kisha ipunguze mpaka 300. Ule ukungu mdogo wa kuzungusha unamezwa wakati wa kupunguza na herufi zinatoka kali kuliko ungeskani 300 moja kwa moja.

Mpangilio wa kazi nao una maana. Nyoosha kwanza, kata pembeni baadae, kuongeza ukali iwe ya mwisho. Ukiongeza ukali kabla, unazungusha picha yenye mipaka iliyotiwa chumvi na ile michirizi inachanganywa na kusambaa. Ukikata kabla ya kuzungusha unajinyima nafasi, sababu picha ikizunguka kona zake zinatoka nje na pale zilipokuwa zinabaki pembetatu tupu, nyeupe au nyeusi au uwazi kutegemea programu. Kwa A4 ya dpi 300 digrii 2 tu zinafanya pembetatu ya kule pembeni ifike pikseli 122 upana wake, kama sentimita moja hivi. Ndo maana unapoweka eneo la kuskani acha ukingo wa ziada kuzunguka karatasi, usibane, ili hizo pembetatu ziangukie kwenye mfuniko wa skana na zisile maandishi yako. Kama ulibana na hakuna tena karatasi ya kuskani, weka rangi ya nyuma iwe ileile ya karatasi kwa kuichukua na zana ya kuchukua rangi, pembetatu zitajazwa na hiyo na hazitapiga kelele.

Kuhusu kuhifadhi niseme kidogo tu. Faili la asili usiliguse, hata siku moja, hilo ndo utakalorudi kwake ukigundua pembe haikuwa sawa. Kazi ifanyike kwenye TIFF au PNG au faili la programu yenyewe, JPEG iwe ya mwisho kabisa ya kutumia watu, manake JPEG inagawa picha kwenye vimraba vya pikseli 8 kwa 8 na kila ukiseivu inabana upya na kupoteza. Kwenye Photoshop ukigeuza leya kuwa Smart Object kabla ya kuzungusha, unaweza kubadilisha pembe mara ngapi sijui na yeye kila mara anahesabu kutoka kwenye pikseli za mwanzo. Na usichanganye na ile kugeuza ya kwenye simu au kwenye PDF ambayo inafanyika papo hapo bila kupoteza kitu, ile inaandika tu alama ndani ya faili kwamba ionyeshwe imegeuzwa, na alama hiyo inajua robo robo tu, 90, 180, 270. Digrii 1.4 haiwezi kuandikwa pale.

Halafu picha za zamani, za karatasi zenye ukingo mweupe. Hapa kuna uamuzi wa kufanya na programu haiwezi kukufanyia. Mara nyingi picha yenyewe haikukaa sawa ndani ya ukingo wake toka siku iliposafishwa, kwa hiyo ukinyoosha ukingo, picha inabaki imeinama, ukinyoosha picha, ukingo unainama. Na ndani ya picha kunaweza kuwa na upeo wa bahari unaosema hivi na nguzo ya nyumba inayosema vile, sababu mpiga picha mwenyewe aliinamisha kamera. Kama unaitunza kama kumbukumbu, nyoosha ukingo, hicho ndo kitu halisi ulichokiskani, na mshazari wa mpiga picha ni sehemu ya historia yake. Kama unaitaka kwa ajili ya kuprinti na kuweka ukutani, kata ukingo na unyooshe kilichomo ndani, na ukibabaika kati ya upeo na nguzo, fuata kile kilicho karibu na katikati, vitu vya pembeni lenzi inavilaza yenyewe. Ukiwa na picha ndogo nyingi, unaweza kuzipanga kadhaa kwenye kioo kwa mara moja, ukaacha milimita tatu hivi kati ya moja na nyingine, halafu Photoshop kwenye File, Automate, kuna Crop and Straighten Photos ambayo inazitenganisha na kunyoosha kila moja kwenye faili lake. Inaangalia kingo za karatasi, kwa hiyo picha nyeupe juu ya mfuniko mweupe itaisumbua, weka karatasi nyeusi nyuma.

Ukiwa na kurasa mia tatu za kitabu huwezi kupima moja moja, hapo unaachia mashine. Inajuaje pembe bila mtu? Njia mojawapo ya zamani na nzuri ni hii: programu inahesabu weusi ulioko kwenye kila safu ya mlalo ya pikseli, moja moja toka ya juu mpaka ya chini. Ni kama kusimama kwenye shamba la mahindi, ukisimama sawasawa na mistari unaona njia mpaka mwisho wa shamba, ukisogea kidogo tu unaona ukuta wa majani. Ukurasa ukiwa umenyooka, safu zinazopita kwenye maandishi zina weusi mwingi na zile za katikati ya mistari hazina kabisa, tofauti ni kali. Ukiwa upogo, kila safu inakata maandishi na nafasi kwa pamoja, tofauti inalala. Basi inajaribu pembe nyingi, na ile inayotoa tofauti kali kuliko zote ndo jibu. Njia nyingine inatafuta mistari iliyonyooka kwenye picha, msingi wake ni kazi ya Paul Hough aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1962, na mwaka 1972 Duda na Hart wakaipa sura inayotumika mpaka leo.

ImageMagick, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, inafanya hivyo kwa amri moja, -deskew 40%, na OCRmyPDF ina --deskew kwa ajili ya PDF nzima kabla ya kusoma maandishi, na kwa wanaotaka kompyuta isome herufi hii sio urembo, Tesseract, programu ya kusoma herufi, inaanza kuchanganya mistari pale ukurasa ukiwa umeinama sana. Ila jua inapokwama. Kivuli cheusi pembeni mwa ukurasa ni mstari mrefu mweusi kuliko yote na mashine inaweza kuunyoosha huo ikasahau maandishi, kwa hiyo futa kingo nyeusi kabla. Ukurasa wenye picha kubwa na maneno mawili chini unaikosesha cha kuhesabu. Mwandiko wa mkono unaopanda kuelekea kulia utanyooshwa na karatasi itabaki imeinama, wakati huo mwandiko ndivyo ulivyoandikwa. Kwa hiyo unapoachia kurasa nyingi, iambie programu ikuonyeshe pembe ilizotumia, panga kuanzia kubwa, na ukiona kurasa nyingi ziko chini ya digrii 2 halafu moja imezungushwa 7, rudi kwenye asili ya huo mmoja ukaupime kwa rula.